Magobore Kumi na Tisa

Habari ya kifo cha Ilunga ilinikuta juu ya paa la lifti, ghorofa ya saba ya jengo moja la ofisi pale Braamfontein, tochi mdomoni na mikono imejaa grisi. Simu ilitetemeka mfukoni, nikaiacha. Kazi yangu ni kukagua kamba za chuma za lifti, na mtu anayekagua kamba hasomi ujumbe. Nilipomaliza nikashuka, nikanawa, nikasoma. Aliyeandika ni Salum wa Unguja, mwenye duka la vitambaa Fordsburg, ambaye kwa miaka mingi tumekuwa tukisalimiana kwa kichwa tu. Aliandika kwamba Ilunga amefariki hospitali, kwamba msiba uko nyumbani kwa mjane wake Yeoville, na kwamba niende hata kama sitaki. Hayo maneno ya mwisho yaliniudhi. Nikakaa kwenye ngazi za dharura, watu wakinipita na vikombe vyao vya kahawa, nikajaribu kukasirika vizuri, nikashindwa. Nilikuwa nalia, jambo ambalo silifanyi kirahisi, na niliyekuwa namlilia ni mtu ambaye sikuwa nimesema naye neno tangu nikiwa kijana wa miaka ishirini na sita. Sasa nina hamsini na tatu.

Ya Tanga nayaweka kando. Inatosha kusema kwamba nilifika Johannesburg na cheti cha karakana ya reli ambacho hakuna aliyetaka hata kukitazama, na kwamba Ilunga, seremala wa Lubumbashi, alikuwa anatafuta mtu wa kugawana naye kodi. Chumba chetu kilikuwa hapo hapo Braamfontein, ghorofa ya tano. Zamani kilikuwa ofisi ya wahasibu; ukutani kulikuwa na soketi nane za simu, na simu hata moja hatukuwa nayo. Katikati tulitundika pazia lenye maua ya zambarau, upande wa dirisha wake, upande wa mlango wangu. Vyombo vyetu vilikuwa sufuria moja na sahani mbili za bati zenye ukingo wa bluu, ambazo Ilunga alizibeba ndani ya begi lake basi baada ya basi, akizifunga kwa shati zisigongane. Alipika yeye, kwa sababu mimi nilichojua ni chai na mayai. Nyama alikwenda kuinunua Fordsburg kwa Waislamu, ingawa alikuwa mtu wa kanisa na Fordsburg ni mbali kwa miguu, ili nami nile bila wasiwasi. Jambo hilo hakulitaja hata siku moja, na mimi sikumshukuru. Tulibishana tu juu ya kisamvu. Yeye alikiita sombe, akakitia mawese na karanga. Mimi nilimwambia kwamba kisamvu kisicho na nazi ni dawa ya mifugo. Alicheka kwa pua, akaendelea kutia mawese.

Jioni nilisikia mengi kupitia lile pazia. Jumapili alikuwa anampigia mkewe, Béatrice, kutoka kwenye kontena la simu karibu na robot, taa za barabarani kwa lugha ya huku, na siku zote za katikati alikuwa anafanya mazoezi ya atakayomwambia. Alisema kwa sauti ya chini, akidhani nimelala, kwamba chumba ni kikubwa, kwamba kuna upepo mzuri, kwamba anaishi na Mutanzania mmoja mwenye roho nzuri, mkali kidogo. Mimi nilijilaza kimya, nikitazama soketi. Nilimwonea wivu. Sikuwa na mtu wa kumsifia chumba, na siku nyingi mwaka ule maneno ya Kiswahili yaliyotoka kinywani mwangu yalikuwa ni yale tu niliyosema na yeye. Asubuhi mjini nilikuwa bubu, jioni napata ulimi.

Ilunga ndiye aliyenitafutia kazi, kwa mzee wa Kizungu tuliyemwita Oom Danie. Oom kwa Kiafrikana ni mjomba, naye alitaka kila mtu amwite hivyo. Karakana yake ilikuwa nyuma ya Fordsburg, kando ya ghala la magodoro, na kazi yake ilikuwa magobore. Wapo wazee katika nchi hii ambao Jumamosi huvaa sare za askari wa zamani na kupigana tena vita vya babu zao, halafu jioni wanachoma nyama pamoja. Magobore ya kale ni machache na ya thamani, kwa hiyo hutumia mapya yaliyotengenezwa kwa kuiga. Ni bunduki ya gumegume: unamimina baruti mdomoni mwa mtutu, unashindilia, unatia nyingine kidogo kwenye kifa, kile kikombe cha chuma kilicho ubavuni. Ukivuta kifyatulio, jiwe linapiga bamba la chuma, cheche zinaangukia kwenye kifa, na moto unapenya kwenye kitundu hadi ndani. Shavu la mpigaji liko shubiri chache kutoka hapo. Mengine yametengenezwa kwa chuma kizima, mengine kwa bomba lililokunjwa na kuunganishwa kwa moto, na kwa nje, yakishapakwa mafuta, yote ni mazuri. Oom Danie alilipwa ili aseme lipi ni lipi. Ilunga alitengeneza vitako vya mbao, na mimi nikawekwa kwenye chuma.

Tulianza kwa kulivua gobore kila kitu. Tulifungua kizibo cha nyuma cha mtutu na kuhesabu hesi zake, tukaangalia kama kinakaa barabara au kinaacha pengo la kubakiza cheche. Tulirudisha nyundo nusu na kuning'iniza gobore zima kwa kifyatulio chake, maana likishuka hapo litamuua mtu akiwa anatembea. Tuliufunga mtutu kwa uzi, tukaugonga kwa kipande cha mti, tukasikiliza: mzima hulia muda mrefu, mbovu hukatika. Mwisho ilikuwa mafuta ya taa na chaki, na hiyo niliijua tangu reli, kwa sababu ndivyo tulivyokagua ekseli za mabehewa. Unaulowesha mtutu kwa mafuta ya taa, unaufuta ukauke kabisa, unaupaka maji ya chaki, unasubiri. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani hutoka taratibu na kuchora mstari mweusi juu ya weupe. Ukipita hapo, mtutu ulipelekwa shambani Jumamosi, ukafungwa kwenye tairi kuukuu, ukatiwa baruti mara mbili ya kawaida na kufyatuliwa kwa kamba ndefu tukiwa nyuma ya ukuta. Halafu unapimwa tena kama umevimba. Na baada ya yote hayo kulikuwa na sharti la Oom Danie ambalo sijalikuta kwa fundi mwingine: aliyeukubali mtutu ndiye anayepiga risasi ya kwanza, kwa mikono yake, shavu lake juu ya mbao. Akishafanya hivyo ndipo anagonga muhuri wake chini ya mtutu, mahali panapofunikwa na kitako, ambapo mnunuzi haoni. Wangu ulikuwa herufi H. Shavu la kushoto la Oom Danie lilikuwa na madoadoa ya bluu chini ya ngozi, baruti ya gobore lililokubaliwa na mtu mwingine.

Nilikosea mwezi wa kwanza, na kosa hilo lazima nilieleze. Mitutu mitatu niliipaka chaki kabla haijakauka, mafuta yakaloweka weupe wote, nikaona mistari kila mahali. Nikaikataa mitatu yote kwa sauti ya kujiamini. Oom Danie aliifuta upya, akapaka, ikabaki myeupe. Hakunigombeza. Aliniambia kwamba mtu anayekataa kitu kizima kwa uvivu wa kufuta hana tofauti na anayekubali kibovu, na tangu siku ile kila nikimletea jibu aliniuliza swali moja tu, kama nimefuta mara tatu. Nilikuwa nafuta mara nne. Nilidhani anauliza ili kunikomesha, mpaka Ilunga aliponinong'oneza kwamba mzee ana ukungu machoni, haoni tena mistari myembamba, na miezi sita sasa anategemea macho yangu. Nilijisikia mkubwa, na pia nikaogopa.

Kuelekea mwisho wa mwaka akaja dada mmoja wa filamu, mpole, mwenye haraka. Walikuwa wanatengeneza picha ya vita vya zamani na walihitaji askari Waafrika ishirini na wanne wenye magobore. Bunduki walikuwa nazo, ndani ya masanduku. Walitaka tu karatasi ya Oom Danie. Watu walikuwa hawana, na hapo Ilunga alinyoosha mkono. Jengo letu lilijaa wanaume waliokuwa wanalinda maduka usiku au hawalindi chochote: Wakongo, Warundi, Watanzania, na Salum huyu huyu, ambaye siku hizo hakuwa na duka bali alibeba mizigo ya wenye maduka. Ilunga aliwaandika majina wote. Kazi ya siku kumi, chakula cha moto, na yeye mwenyewe awe msimamizi na mkalimani wao. Kwa malipo hayo Béatrice angepanda basi aje Johannesburg. Nilimsikia nyuma ya pazia akimweleza, hii ikiwa mara ya kwanza anamweleza jambo la kweli tupu. Wiki ile watu walinisalimia kwenye ngazi kwa jina. Mwingine alinigongea mlango aniletee embe. Nilipenda sana, sitaficha.

Niliyavua yote ishirini na manne. Matano yalikuwa na mitutu mizito, ya chuma kizima, na chaki ilibaki nyeupe mpaka jioni. Kwenye kumi na tisa mstari ulitokea. Ulianza taratibu nyuma, pale karibu na kizibo ambapo baruti hulipukia, ukanyooka kwenda mbele, mwembamba kama uzi wa kushonea. Lile lenye fundo jeusi kwenye kitako lilikuwa na mstari mrefu kuliko yote. Nikafuta, nikapaka upya. Ukarudi. Nikafuta tena. Ilipofika saa kumi jioni mitutu ilikuwa imepangwa kwenye benchi, myeupe yote, kila mmoja na mstari wake, na mimi nimesimama mbele yake nikitamani niwe kipofu. Nilifikiria embe. Nilifikiria Béatrice, ambaye sikuwahi kumwona. Niliweza kunyamaza; mzee haoni. Lakini ningelazimika kuweka shavu langu pale, na hata kama ningethubutu kwa langu, yalikuwepo mashavu mengine kumi na tisa.

Oom Danie aliuliza kama nimefuta mara tatu. Nikasema ndiyo. Yale matano yakapita tairi na shavu langu, nikayagonga H yangu, naye akasaini karatasi yake. Dada wa filamu akaja, akasema hayo yote yametoka sanduku moja, yatakuwaje matano mazima na mengine mabovu. Akaomba basi yafungwe kwenye tairi, yapigwe, ionekane. Oom Danie akakataa, akamweleza kwamba mtutu wenye ufa unaweza kustahimili leo, ufa ukapanuka kwa ndani, na kesho mtu akauweka shavuni kwa kuwa jana ulipita. Dada hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na siku zake zilizopangwa. Alisema atatafuta mkaguzi mwingine. Ilunga alikuwa pembeni na gundi yake na nta yake. Aliombwa ayafunge magobore yote kwenye vitako vyake ili yaondoke, akayafunga moja moja, na mimi nikatoka nje nisimwangalie. Kesho yake tulisikia kwamba mkaguzi wa pili ameyapitisha yote kwa dakika chache.

Jioni ya siku niliyoyakataa tulikula ugali na samaki wa kukaanga. Ilunga aliweka sahani yangu mbele yangu na yake mbele yake, akakaa muda mrefu bila kunawa.

"Mutanzania, uko na hakika?"

"Ninayo."

"Yote kumi na tisa?"

"Yote."

Aliitikia kwa kichwa. Nilisubiri anitukane, au aniombe, nikiwa tayari kwa yote mawili. Akasema tu, "Kula. Chakula kinapoa." Usiku ule, nyuma ya pazia, hakufanya mazoezi ya kusema chochote.

Watu wa jengo hawakuwa na upole huo. Habari ilipanda ngazi kabla yangu: kwamba Mtanga mmoja, kwa woga wake, alitaka kuwanyima watu siku kumi za kazi, na kama si mkaguzi mwingine angefaulu. Salamu zikaisha. Salum alisema, kwa sauti ya kutosha nisikie, kwamba mwanamume anayeogopa chuma akauze vitambaa. Nilimeza. Nilijiambia kwamba bora Ilunga hataenda, Ilunga ameiona ile mistari kwa macho yake. Siku ya kwanza ya filamu aliamka alfajiri, akavaa, akasimama upande wangu wa pazia kama mtu anayetaka kusema kitu. Nikageukia ukutani. Akaenda.

Siku ya nne niliingia mkahawa wa chai Fordsburg, ule ambao wenzangu wote walinywea, nikaona wamebandika picha ukutani. Wanaume ishirini na wanne wamevaa makoti mekundu, moshi umejaa, safu ya mbele wanacheka. Nilimtafuta Ilunga nikamkuta nyuma, shavu lake limelala kwenye mbao, na mbao ile ilikuwa na fundo jeusi. Sikumaliza chai. Mtu mmoja tu katika mji mzima ndiye niliyetaka aniamini, naye ameweka uso wake juu ya ule ule mtutu niliousema mbovu, mbele ya kamera, ili kila mtu aone neno langu lina uzito gani. Ndivyo nilivyoielewa picha ile. Jioni hiyo hiyo, kabla basi la filamu halijawarudisha, nilifungasha nikahama. Nilipata chumba nyuma ya duka moja Fordsburg, hakina dirisha. Siku kumi zikapita. Hakuna gobore lililopasuka. Kila mtu alirudi na vidole vyake vyote, na nikawa kichekesho kilichokamilika.

Jumapili ya tatu baada ya hapo, mchana, mlango uligongwa. Nilikuwa nimekaa kitandani napiga viatu rangi, kiatu kimoja mkononi.

"Hatibu," ilisema sauti ya Ilunga. "Ni mi. Fungua kidogo, niko na kitu ya kukwambia."

Hakuwahi kuniita kwa jina langu kabla ya siku ile. Aligonga tena, akasubiri, na mimi nikazuia pumzi na brashi ikiwa hewani. Nilisikia kitu cha bati kikiwekwa sakafuni. Nilisikia akisimama pale. Halafu hatua zake zikaondoka polepole, zile za mtu anayetarajia kuitwa. Ningeweza kumwita mpaka alipofika mtaani. Nilipofungua nilikuta sahani ya ukingo wa bluu imefunikwa na mwenzake, na ndani yake kisamvu, bado cha moto. Kilikuwa kimepikwa kwa nazi. Nilikila chote, nimesimama, na nikalia kwa hasira, halafu nikaosha sahani nikaziweka juu ya kabati nikisubiri arudi kuzichukua. Hakurudi. Kwetu sahani ya mtu hairudishwi tupu, na sikujua cha kutia.

Oom Danie alifunga karakana mwisho wa mwaka ule; bila pesa za filamu haikuweza kulipa kodi, na macho yalikuwa yamekwisha. Aliniandikia barua nzuri iliyonifikisha kwenye lifti. Lakini kumi na tisa yale niliyabeba. Nilioa, tukaachana bila ugomvi. Mke wangu alisema ni kazi kuishi na mtu anayekagua hata salamu. Na katikati ya shimo la lifti, kamba mkononi, swali la mzee lilinirudia: umefuta mara tatu? Nilikumbuka kufuta. Halafu nilikumbuka mitutu mitatu ya mwezi wa kwanza, ambayo pia nilikuwa na hakika nayo. Magobore hayakupasuka. Siku kumi, kumi na tisa, na hata moja halikupasuka. Miaka ilivyopita nilianza kuamini kwamba siku ile nilikuwa mvivu, kwamba nilimpoteza rafiki pekee niliyekuwa naye kwa sababu ya kitambaa kilicholowa. Nilimwona Ilunga mara mbili tatu mjini, mara moja akiwa na mwanamke mrefu mwenye kitenge, nikavuka barabara.

Basi nikaenda Yeoville. Ua lilikuwa na viti vya plastiki, kwaya inaimba ndani, akina mama wanakoroga ugali kwenye sufuria kubwa. Salum alinionyesha kiti karibu na ukuta. Amezeeka, anauza vitambaa, na nilitaka kumkumbusha nani alisema nini kuhusu vitambaa, lakini sikuwa na nguvu. Tukasikiliza nyimbo mbili. Halafu akaniuliza, akitazama mbele, kwamba baada ya miaka yote hii bado nimenuna kwa sababu gani, ilhali marehemu alikuja mwenyewe kunieleza. Nikamwambia hakunieleza kitu. Salum akageuka akanitazama usoni.

"Hujui kwa nini hayakupasuka?"

Akanisimulia. Alfajiri ya siku ya kwanza waliwekwa mstarini, dada wa filamu akaeleza kwa Kiingereza: kila mmoja atapewa kifurushi cha karatasi, akichane kwa meno, atie baruti kidogo kwenye kifa, inayobaki aimimine yote mdomoni mwa mtutu. Ilunga akawafasiria kwa Kiswahili, mbele yake, kwa sauti ya mkalimani. "Akasema, 'Anasema mumimine yote ndani. Mi nasema apana. Mwenye bunduki iko na nta chini ya kifyatulio, mimina, simama mbele. Bengine bote, kwenye kifa tu, ingine mwaga chini. Mutanzania amezikatala.' Dada wa watu anaitikia kwa kichwa, anaona anatafsiriwa vizuri." Matano yenye muhuri wangu, ambayo Ilunga peke yake aliweza kuyajua kwa kuwa ndiye aliyefunga mbao juu ya muhuri, alikuwa ameyatia kila moja kitone cha nta. Safu ya mbele ilitoa moshi wa kujaza kamera. Nyuma watu kumi na tisa waliwasha kifa, wakajifanya wamesukumwa, wakamwaga baruti majanini siku kumi. Siku ya saba majani yalishika moto, wakasingizia sigara. Mmoja aliposita kushika lile lenye fundo, Ilunga alimpa lake, akalichukua yeye.

"Alituapisha," alisema Salum. "Wangejua, wangetufukuza sote. Akasema wewe atakwambia mwenyewe, akaja kwako Jumapili. Mie nikadhani unajua, na bado umetununia. Nikasema, huyu Mtanga ana moyo gani?"

Nilikuwa nimerudi ndani ya chumba kile kisicho na dirisha, kiatu mkononi. Kama yale kumi na tisa yangepasuka au yasingepasuka, hilo sitalijua, wala hakuna atakayelijua. Mtu pekee aliyeniamini ndiye aliyehakikisha hayajaribiwi. Miaka ishirini na saba nilichukua ukimya wa ile mitutu kuwa ushahidi dhidi yangu, na ulikuwa ni Ilunga. Niliinama nikashika kichwa, na Salum, ambaye hatukuwahi kugusana naye, aliniwekea mkono mgongoni akauacha hapo mpaka wimbo ulipoisha.

Sikuweza kumsogelea mjane siku ile. Siku ya tatu baada ya maziko nilikwenda kwa wanawake wa Kikongo wanaouza mboga Yeoville, nikanunua majani ya muhogo yaliyotwangwa, karanga na chupa ya mawese. Nilipika nyumbani, vibaya, kwa mawese na karanga kama alivyotaka yeye, nazi nikaiacha. Nikatia kwenye sahani ya ukingo wa bluu, nikaifunika na mwenzake, nikazifunga kwa shati. Mama Béatrice mwenyewe, yule mjane, alinifungulia. Nilikuwa nimeandaa maneno njiani, nikiyafanyia mazoezi kwa sauti ya chini kama mtu wa nyuma ya pazia, lakini alipofungua lile shati alizitazama sahani, akapitisha kidole kwenye ukingo, na mimi nikasahau yote.

"Ni wewe Mutanzania," alisema. Nikasema ni mimi. "Siku nilifika huku, nyumba haikukuwa na sahani. Tulikula mu sufuria. Nikamwambia tununue, akasema, ngoja. Sahani ziko kwa Mutanzania, atazileta yeye mwenyewe. Mwaka moja, miaka mbili. Nikanunua zingine, akakasirika."

Nilimwambia kwamba alikuja, na kwamba nilikuwa ndani. Nilimwambia nilimsikia. Hakusema "si kitu", wala hakunilaumu. Alivuta kiti akanionyesha nikae, akazitenganisha zile sahani mezani, akagawa kisamvu nusu huku na nusu kule, akanisukumia moja. Nilinawa, nikakaa. Tukatazamana na ile sahani mpaka yeye, ambaye alikuwa ameanza kula, aliponiambia kwa sauti ya chini kwamba nile, chakula kinapoa.